Nilitoa Kebo za Gari la Mwalimu, Lawama Ikabebwa na Mwenzangu

Nina miaka hamsini na mbili, fundi wa magari, baba wa watoto watatu. Kwetu ni Kitui lakini kazi yangu yote nimeifanyia jijini, mtaa wa Kawangware 46. Jina langu msilitaje, na majina nitakayotumia si ya kweli. Nimechoka kubeba hii kitu moyoni.

Mwisho wa 2007 nilikuwa nashirikiana gereji na fundi mwenzangu, nimwite Wafula. Kabla ya kura, mwalimu mmoja anayeishi mtaa wa Olympic alituletea gari lake tubadilishe klachi. Tulimaliza, ikabaki yeye kuja kulichukua. Mimi nilikuwa na gari kuukuu la aina hiyo hiyo, lakini kebo zangu za gia zilikuwa zimeisha. Moja ilikatika nyuzi nikaifunga na waya mara mbili, na mara zote mbili ikaachia. Gia ya kwanza ilikuwa inaingia ikipenda, na rivasi nilikuwa nimeshaisahau.

Matokeo ya urais yalipotangazwa, mtaa ukawaka. Nyumba ya pili kutoka kwetu ilichomwa mchana tukiangalia. Maduka ya spea yalikuwa yamefungwa yote. Mke wangu alinishika shati akaniambia, "Baba Mutua, watoto wanatoka hapa leo."

Nilienda gereji, Wafula hakuwepo. Nikalala chini ya gari la Mwalimu, nikatoa kebo zake zote mbili, bado nzuri kabisa, nikafunga kwangu. Nilijiambia hawezi kulihitaji wiki hiyo. Tulifika Kitui salama, na njia nzima gia ziliingia vizuri mpaka nikaona aibu.

Kumbe kesho yake Mwalimu alitembea kutoka Olympic na mkewe, mja mzito wa miezi saba, waje wachukue gari watoroke. Wafula akawapa funguo. Mwalimu akawasha, akakanyaga klachi, mkono wa gia ukalegea tu, hakuna gia inayoingia. Wakaondoka kwa miguu. Yule mama alijifungua siku tatu baadaye katika kambi ya wakimbizi, chini ya turubai. Mtoto hakumaliza siku. Mpaka leo hawajapata mwingine.

Niliporudi Februari, Mwalimu aliniuliza, "Fundi, nani alitoa kebo zangu?"

Nikamjibu, "Mimi nilikuwa nimeenda nyumbani. Wafula ndiye alibaki na funguo."

Sikusema zaidi ya hapo. Haikuhitajika. Siku hizo mtu aliamini lolote kuhusu mtu wa kabila lingine.

Wafula alikana mpaka akalia. Wateja walimhama, wengine wakawa wanampita wakimwita mwizi. Akahamia mtaa wa mabanda wa Gatwekera, akaanza vibarua vya mjengo. Mimi nikamwekea Mwalimu kebo mpya bure, na tangu hapo ananiita ndugu. Mkewe hunitumia chapati kila Krismasi. Watoto wangu huzifurahia. Mimi huwa nasema nimeshiba.

Jumatatu ya wiki hii Wafula alikuja gereji. Amezeeka kunishinda, mgongo umeinama. Nilidhani amejua, nikaweka spana chini ningoje matusi. Akaniambia, "Fundi, zile kebo sikuchukua, Mungu anajua. Lakini nimechoka kuepuka watu. Jumapili nataka niende kwa Mwalimu nimwambie ni mimi, anisamehe, yaishe. Wewe anakuamini. Twende pamoja."

Nilishindwa kumwangalia. Nikasema, "Sawa, tutaenda."

Mke wangu anasema nikifungua mdomo nitamrudisha yule mama kwenye lile turubai, na kwamba kama Wafula mwenyewe amekubali, nimwache. Lakini usiku silali, na mchana nafunga nati nasahau kama nimeikaza.

Jumapili ni kesho kutwa. Leo asubuhi Wafula amenipigia kuniambia ameshaazima koti.

Nishaurini jamani, nikifika mbele ya Mwalimu na mkewe nifanye nini?