Zaburi Ndefu na Treni ya Mama

Ukitaka kumkasirisha baba yangu, mwambie kuimba si kazi. Atakutazama kama umemtukania ukoo. Ukitaka kumkasirisha mama yangu, mwambie kuimba ni kazi. Mimi naishi na wote wawili, katika nyumba nyembamba nyuma ya kanisa kuu, kwa hiyo nimejifunza kula mkate wangu kimya.

Baba anaitwa Russell Thackray. Mchana anatengeneza mashine za kufulia. Wateja wake wote wanajua kwamba ikikaribia saa kumi jioni atafunga boksi lake la vifaa hata kama maji yamejaa jikoni na paka amepanda juu ya friji. "Nitarudi kesho, mama," humwambia mwenye nyumba. "Nina Sala ya Jioni." Anavyolisema hilo, utadhani ni daktari aliyemwacha mgonjwa mezani tumbo wazi. Kisha anapanda kilima, anavaa kanzu nyekundu na joho jeupe juu yake, anasimama mahali pake upande wa kusini wa kwaya, na kuimba besi. Analipwa kwa kazi hiyo, ingawa ukimsikia Mama, analipwa shukrani na mafua.

Anapumzika Jumatatu tu. Jumapili anaimba asubuhi na jioni. Sikukuu ya Krismasi sisi tunakata bata mzinga wakati majirani wameshaosha vyombo na wanakoroma mbele ya televisheni. Vitunguu vibichi haviingii nyumbani kwetu, eti vinakausha koo. Dirisha halifunguliwi, eti upepo. Halafu yeye mwenyewe anashinda amelala chini nyuma ya mashine za watu, kwenye vumbi na maji baridi, na hapo koo halina neno!

Wanaume wa kwaya ni sita. Watatu husimama upande wa kusini, watatu upande wa kaskazini, wanatazamana, na kila upande una alto mmoja, tenori mmoja na besi mmoja. Mbele yao wanasimama watoto wa sauti za juu. Zaburi huimbwa kwa kupokezana, huku mstari mmoja, kule mstari mwingine. Besi mmoja akikosekana, upande wake unabaki kama meza iliyong'olewa mguu. Ndiyo maana mtu akitaka ruhusa lazima atafute mwenyewe wa kumshikia zamu, na ndiyo maana baba yangu haombi ruhusa. Anasema hakuna mtu katika wilaya nzima anayeijua sauti ile ya chini kama yeye, isipokuwa Lubbock, na Lubbock anaikosea.

Bwana Lubbock ni besi wa kaskazini. Ni dalali wa nyumba, mtu mnene, mcheshi, mwenye tai za rangi kali. Yeye na Baba wamegombana tangu kabla sijazaliwa, na ugomvi wenyewe ni wa pumzi. Katikati ya kila mstari wa zaburi kuna kituo kidogo. Lubbock anakitaka kirefu, mwangwi ufike darini na kurudi. Baba anakitaka kifupi. Basi! Hakuna zaidi ya hapo. Watu wazima wenye mvi! Nimewasikia kwa masikio yangu wakibishana sokoni mbele ya meza ya samaki, mmoja akihesabu kituo kwa kidole, mwingine akitikisa chewa kwenye karatasi, mpaka muuza samaki akasema, "Mabwana, huyu alishakufa. Nyie mnamuua tena."

Mama alikutana na Baba kwa sababu ya mvua. Aliingia kanisani kujikinga, akakaa, akalala usingizi. Sala ilipokwisha, Baba alimfuata kuuliza kama ni mgonjwa.

"Nimechoka tu," Mama akamjibu. "Na nyie hammalizi."

Baba husimulia hadithi hiyo kama ni ya mapenzi. Mama husimulia hiyo hiyo kama ni onyo ambalo hakulisikiliza.

Miaka yote Mama amekuwa mpishi wa hospitali. Mwaka huu, bila kumwambia mtu, aliomba kazi ya kupika kwenye meli ya watafiti inayokwenda kusini kabisa mwa dunia, kwenye barafu. Akaipata. Miezi sita! Nilipiga kelele za furaha mpaka jirani akagonga ukuta. Baba alimkumbatia, akasema vizuri sana, halafu akauliza kama huko kuna mtu anaimba.

Usiku ule wa habari Mama alimkalisha mezani. Nilikuwa naosha masufuria, na sikuambiwa niondoke.

"Russell," alisema, "siku Bryony anazaliwa ulifika hospitali na kanzu begani. Siku tunamzika mama yangu, ulikuja wageni wakivaa makoti kuondoka. Keki zangu za siku ya kuzaliwa nimekata na jirani. Sijasema kitu."

"Umesema, mpenzi."

"Nimesema kidogo. Sasa sikiliza. Alhamisi ya wiki ijayo treni yangu inaondoka saa kumi na mbili na nusu jioni. Nataka nikutazame ukiwa umesimama pale stesheni. Kama hupo, mimi nitapanda, nitafika melini, na sitakupigia simu. Miezi sita. Umenielewa?"

"Nitakuwepo. Siku za kazi sala inaisha saa kumi na mbili na dakika chache. Stesheni ni chini ya kilima tu."

"Umetazama vizuri?"

"Nimetazama."

"Tafuta mtu wa zamu, Baba," nilisema kutoka kwenye sinki.

"Wa nini? Nitawahi na muda utabaki."

Alhamisi ikafika. Mama alishuka stesheni mapema na begi lake kwa teksi, maana hataki kukimbizwa. Mimi nilitoka shule moja kwa moja hadi chumba cha mazoezi cha kwaya. Nilishaamua kwamba sala ikiisha nitamvuta Baba kwa mkono, hata kama atakuwa anaongea na askofu.

Watoto walikuwa wanafungua vitabu. Msichana mmoja wa mstari wa mbele, mdogo, meno mawili hayapo, akaguna kwa sauti, "Jamani! Leo tarehe kumi na tano!"

Nikamwona Baba akiwa mweupe kama joho lake.

Kitabu chao kimezigawa zaburi zote kwa siku za mwezi, asubuhi na jioni. Jioni nyingi zina mbili au tatu fupi. Jioni ya tarehe kumi na tano ina moja tu, ya sabini na nane, na hiyo moja ni ndefu kama treni ya mizigo. Wamo Waisraeli, wamo kware, wamo vyura, nzi, mvua ya mawe, na wakishaokolewa wananung'unika tena. Baba anaipenda kuliko zote. Kila mwezi anaisubiri, anajichemshia tangawizi asubuhi yake. Hata siku ile alichemsha! Nilimwona! Kichwani mwake tarehe kumi na tano ilikuwa siku ya zaburi, na Alhamisi ilikuwa siku ya Mama, na hakuna aliyemwambia kwamba siku hizo mbili ni siku moja.

Alimwendea Bi Garside, mwalimu wa kwaya, aliyekuwa akipanga karatasi kwenye piano.

"Prudence, leo tuikate. Nusu tu."

"Tuikate?" Bi Garside alivua miwani. "Mwaka jana nilipotaka kuikata, nani alisimama kwenye mkutano akasema zaburi si soseji?"

"Mimi."

"Na nani alisema siku tutakayoikata yeye atakwenda kuimba baa?"

"Mimi, lakini mke wangu..."

"Basi nenda kasimame mahali pako, Russell. Imeshachapishwa, na Mkuu wa kanisa anakuja."

Bwana Lubbock alikuwa akicheka mpaka tai yake inaruka. Baba akamgeukia. Najua ilimgharimu.

"Lubbock, tafadhali. Leo twende haraka. Vituo vifupi."

"Vifupi kiasi gani, mzee wangu?"

"Kama vyangu."

"Aa! Na vyangu vina kasoro gani?"

"Havina."

"Sema vizuri, hawa watoto hawajasikia."

Baba aliwageukia watoto. "Vituo vya Bwana Lubbock," alisema, "ni vizuri."

Lubbock akaweka mkono kifuani. "Mashahidi mpo. Twende haraka."

Nilikaa kwenye viti vya nyuma ya kwaya, miguu ikinicheza. Na kweli, walianza mbio. Kusini walirusha mstari, kaskazini wakadaka wakarudisha, vituo vimekuwa vya kuvuta pumzi tu. Bahari ikapasuliwa, kware wakaanguka, vyura wakaingia na kutoka kabla hawajakaa. Mkuu wa kanisa aliinua macho mara mbili. Nikaanza kutumaini. Halafu wakakaribia mwisho, pale Daudi anapochukuliwa kutoka kwa kondoo wake, na nani alianza kuburuta? Baba! Baba mwenyewe! Alifumba macho, akaketi juu ya ile noti ya chini kama mtu aliyeketi kwenye maji ya moto baada ya siku ya baridi, na kwaya nzima ikalazimika kumngoja. Lubbock alimtolea macho kutoka ng'ambo. Mimi nilikuwa nakaribia kumrushia kitabu.

Kisha Kanoni Ottley, padri mzee wa kanisa kuu, akaenda kusoma somo la kwanza. Huyu mzee husoma kama anayevuka barabara yenye utelezi. Kila jina la mji alilifikiria kwanza. Ukaja wimbo wa Mariamu, nao Bi Garside alikuwa amechagua ule mrefu wenye kurudiarudia. Kanoni akainuka tena kwa somo la pili, akafika mbele, akapapasa mifuko. Miwani ameiacha kitini. Akarudi kuifuata, polepole, huku watu wote wakimtazama kwa upole wa Kikristo, na mimi nikimtazama vingine.

Somo lenyewe lilipokaribia mwisho, Baba akanitazama. Akamtazama Lubbock. Halafu akafunga kitabu chake, akainama kuelekea madhabahu, akatoka mahali pake.

Labda msomaji haoni ajabu. Mtu ameondoka kwenye kiti, basi. Lakini hapa kwetu, watu wa kwaya wamewahi kusimama pale na homa, na ufizi umevimba, na tenori mmoja aliwahi kuimba mpaka amina kabla ya kusema amevunjika kidole cha mguu. Hakuna anayetoka. Yule msichana asiye na meno aliacha mdomo wazi. Bi Garside aliinua mkono kama anayesimamisha gari, akaushusha. Baba alipita katikati ya kanisa, viatu vyake vikilia kwenye mawe, na mimi nikamfuata kwa ncha za vidole.

Tulifika mlangoni kwaya ikaanza wimbo wa Simeoni. Baba akasimama ghafla, mkono kwenye kitasa.

"Baba, twende."

"Sikiliza. Lubbock anaimba pande zote mbili."

"Baba!"

"Anaburuta. Lakini sauti yangu ameishika vizuri, mshenzi yule."

"BABA!"

Nikamsukuma nje. Tukateremka kilima mvua ikinyunya, yeye ameshika kanzu kwa mikono miwili kama bibi arusi anayekimbia harusi. Wanaume waliosimama nje ya baa na glasi zao walishangilia.

"Kimbia, padri! Wadai wako nyuma!"

"Si padri!" Baba alijibu bila kusimama. "Besi!"

Mama alikuwa kwenye jukwaa la stesheni karibu na begi lake, koti limefungwa vifungo vyote. Alimtazama kuanzia viatu hadi kichwani.

"Umetoka kabla haijaisha," alisema.

"Wakati wa somo la pili." Baba alihema. "Hilary, nilisahau. Leo ni..."

"Najua leo ni tarehe ngapi."

"Unajua?"

"Nimeishi na mwezi wako miaka yote hii, nitaacha kujua? Walinipa nichague treni mbili. Moja ya asubuhi, moja hii."

Mimi ndiye niliyelipuka. "Mama! Asubuhi ilikuwepo? Mimi nimekaa mle ndani nakula kucha, na asubuhi ilikuwepo?"

"Bryony, mwanangu, nyamaza kidogo."

"Ungeniambia," Baba alisema. "Ningetafuta mtu wa zamu."

"Ndiyo maana sikukuambia. Hiyo ingekuwa ni kupanga ratiba." Alimfuta maji usoni kwa kiganja, si kwa ulaini sana. "Nani anaimba besi?"

"Hakuna. Lubbock, kutoka ng'ambo."

"Hakuna," Mama alirudia. Kidevu chake kilianza kutetemeka, nikadhani analia, kumbe anacheka, halafu nikaona ni vyote viwili. "Hakuna. Ee Mungu wangu. Prudence Garside atakuchinja."

"Atanichinja."

"Kesho mwombe radhi. Na Lubbock mnunulie bia."

"Bia sawa. Lakini vituo vyake..."

"Russell."

"Bia sawa."

Treni ikaingia. Walikumbatiana mpaka joho likabaki na alama ya vifungo vya koti, na mimi nikabanwa katikati, pua yangu kwenye kanzu inayonuka mvua na nta ya mishumaa. Mama akapanda. Alisimama dirishani, akawa anamtazama Baba tu, bila kupunga mkono, kama mtu anayehakikisha kitu alichonunua. Milango ikafungwa, treni ikatoka.

Baba alibaki amesimama. Nikamwona akigeuza kichwa taratibu kuelekea kilimani, kwenye mnara.

"Tukipanda mbio," alisema, "tunaweza kuwahi sala za mwisho."

Nilikaa kwenye benchi. Kama ningefungua mdomo, stesheni nzima ingesikia. Alinitazama, akatazama reli tupu, akatazama kanzu yake iliyolowa mpaka magotini. Kisha akaja akakaa kando yangu, mikono juu ya magoti, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue, jioni ya siku ya kazi, hakuwa anavuma wimbo wowote. Tulikaa hivyo mpaka mfagiaji alipotuomba tuinue miguu.