Maandiko Aliyobeba Mama Kaswera

Chuo chetu cha kilimo, kule Masereka, hakina geti wala jina ukutani. Kina ubao. Mgeni akituuliza historia yetu tunamwonyesha huo, tena tunamtaja mfagiaji kabla ya mkurugenzi yeyote. Anayeona haya, shauri yake.

Mfagiaji huyo ni Kaswera, mjane. Mashemeji walipomfukuza, chuo kilimpa kazi na chumba. Hakujua hata herufi moja, lakini alisema chuo kilimzaa mara ya pili.

Asubuhi moja mwaka 2000 bunduki zililia bondeni. Mkurugenzi wetu, Phinées, aliandika maneno matatu ubaoni, kisha tukatimua mbio, mimi mwanafunzi nikiwa na kiatu kimoja. Siku ya tatu tulikutana Butembo, kwenye ghala tupu la parokia. Tukaambiwa chuo kimechomwa. Phinées akasema basi, kila mtu arudi kwao. Tukaanza kuagana.

Ndipo Kaswera akaingia, matope hadi magotini, ubao kichwani, umefungwa kwa vitenge vyake vyote.

"Directeur, nimebeba chuo," alisema. "Mvua ilininyeshea miye, maandiko hapana."

Kwake, kilichoandikwa na mwalimu ndicho chuo chenyewe. Phinées akafungua vitenge. Chaki ilikuwa nyeupe pe: LEO HAPANA MASOMO.

Mtu akacheka. Nilikuwa mimi, Mungu anisamehe.

"Inasema nini?" Kaswera akauliza.

Phinées alilowesha kidole kwa mate, akafuta neno la katikati, akamsomea polepole: "Leo masomo."

"Sasa munasimama ya nini? Mukae, batoto!"

Tukakaa sakafuni. Hakuna aliyerudi kwao. Tulisoma ghalani miaka miwili, masomo yakiandikwa kwenye mlango, maana ubao ule hatukuugusa tena.

Kaswera naye alijifunza kusoma humo humo. Siku moja aliniita mbele ya ubao, akaonyesha lile pengo.

"Hapa katikati kulikuwa nini?"

"Hapana."

"Unakatala kuniambia?"

"Hapana, Mama. Neno lenyewe ndiyo 'hapana'."

Alicheka mpaka akaketi chini. Kisha akautazama ubao.

"Mungu ni mukubwa," alisema. "Kama ningejua kusoma, ningeuacha kule."

Mimi ni mwalimu wa chuo hicho leo. Siku ile nilimshika mikono nikamwambia kwa Kinande chetu, "Wasingya, Mama." Asante. Sikuwa na neno kubwa zaidi ya hilo, na bado sinalo.