Siku Babu Alipocheza Kaka Mkorofi

Babu yangu Lesikar alisoma shule ya serikali miaka miwili, akatoka na vitu viwili: mwandiko mzuri na picha ya Kaisari wa Wajerumani. Mwandiko ulimfaa.

Hakwenda shule kwa kupenda elimu, msidanganyike. Mwaka 1911 boma la Arusha lilitaka kila jumbe atoe mwanafunzi. Jumbe wa kwao, juu ya Kijenge, alikuwa baba yake mdogo, Kisioki. Kisioki aliwatazama wanawe sita, akawaona wote wana kazi nyingi sana. Akamtoa mtoto wa marehemu kaka yake. Lesikar alikuwa na miaka ishirini hivi na ndevu zake, akabanana dawati moja na watoto wa makarani.

Kijana alipokwisha kuondoka nyumbani, Kisioki akamkumbuka mjane. Alimwambia Nashilu, mama yake Lesikar, kwamba shamba la migomba analolima ni la ukoo, kwa hiyo ahame kabla ya masika. Nashilu akaacha kupalilia. Alisema hana nguvu za kumpalilia mtu mwingine.

Lesikar alikwenda kwenye kikao cha wazee mara mbili kumtetea mama yake, na mara zote mbili alirudi bila kusema neno. Kwetu Waarusha anayesema kikaoni ni aliyeshika fimbo, na akiishika hakatizwi mpaka amalize. Na aliyekuwa akiigawa fimbo hiyo ni nani? Jumbe Kisioki. Kila mara fimbo ilipotea njia kabla ya kumfikia Lesikar.

Shuleni kulikuwa na Mwalimu Omary, mtu wa Tanga, aliyevaa kanzu nyeupe katika matope ya Arusha, halafu akawashangaa watu wanaochafuka. Mwalimu Omary aliamini kwamba watu wa bara hawajui kusema. Akawaanzishia chama cha hotuba. Kila Jumatano mwanafunzi alipanda juu ya sanduku na kukariri jinsi reli ilivyotuletea neema. Reli yenyewe ilikuwa haijafika Arusha.

Ikakaribia siku ya kuzaliwa kwa Kaisari, ambaye hakuwahi kukanyaga kwetu wala kututumia salamu. Bwana Mkubwa wa boma akataka mchezo, na Mwalimu akatunga "Jumbe Mwema" kwa siku moja, jambo ambalo lilionekana wazi. Kaka mkorofi anakataa kulima barabara ya serikali. Mdogo wake mtiifu anakwenda kulima huku anaimba. Jumbe Mwema anampa mtiifu shamba lote la baba yao. Kwa sababu ya ndevu, Lesikar akawa kaka mkorofi, na maneno yake yalikuwa haya tu: "Nimekosa, Jumbe. Serikali ina akili kuliko mimi."

Mazoezini fimbo ya jumbe ilikuwa mpini wa jembe. Lakini sikukuu ni sikukuu, Mwalimu akataka kitu cha kupendeza. Akaenda kwa Mzee Sironka, mmoja wa wazee wa kikao, ambaye fimbo yake nyeusi ndiyo iliyoshikwa na wasemaji kwa miaka arobaini.

"Shikamoo, mzee. Naazima fimbo tu, jioni nairudisha."

"Atakayeishika atasema?" Sironka akauliza.

"Atasema, mzee. Ndiyo kazi yake."

"Basi chukua. Nitakuja kusikia."

Siku ikafika. Bwana Mkubwa alikaa kitini, na Kisioki kulia kwake, ndani ya koti la kupewa. Wazee walikaa kwenye majani, wanawake nyuma yao, na Nashilu akiwa miongoni mwao. Mchezo ulikwenda vizuri, yaani hakuna aliyeuelewa. Kisha Jumbe Mwema, mwanafunzi Mmeru, akampa Lesikar fimbo, akasema, "Kaka, jitetee."

Babu aliniambia kwamba vidole vyake vilipoikamata tu, wazee wote walinyamaza. Walikuwa wanamsubiri. Akampa kisogo Jumbe Mwema, akaanza kutembea huku na huko kama msemaji anavyotakiwa, akasema kwa Kimaa, lugha yetu. Alitaja migomba na aliyeipanda. Alitaja siku baba yake alipomwonyesha Nashilu mipaka ya shamba alilompa.

"Nimekuja kwenu mara mbili, na mara mbili sikupewa fimbo," akasema. "Leo ninayo. Baba mdogo yupo hapa. Anijibu mbele yenu."

Mwalimu Omary hakujua Kimaa. Alikuwa nyuma ya shuka la pazia akinong'ona, "Nimekosa, Jumbe! Sema nimekosa!" Bwana Mkubwa, ambaye naye hakujua Kimaa, akapiga makofi. Kisioki alitaka kuinuka, lakini ataondokaje kwenye sikukuu ya Kaisari, Bwana akiwa amefurahi namna ile?

Sironka akasimama na kuipokea fimbo yake. "Nilikuwepo mipaka ikionyeshwa," akasema. Wazee wengine wawili wakasema hivyo hivyo. Mwishowe fimbo ikapelekwa kwa Kisioki.

Aliishika, akawatazama watu, akamtazama Bwana, ambaye alikuwa akitabasamu na kumwashiria aendelee. Akainama, akang'oa majani mabichi, akayainua juu ya kichwa. Kwetu anayefanya hivyo amekiri kosa na anaomba amani. Bwana Mkubwa akadhani ni heshima kwa Kaisari. Akasimama, naye akang'oa majani yake, akayainua juu zaidi. Hukumu ikapata na muhuri wa serikali.

Mwalimu Omary aliambiwa kwamba kazi yake ni ya ajabu, ila mwakani mchezo uwe mrefu zaidi. Alizipokea sifa zote bila kuacha hata moja. Lesikar akazawadiwa picha ya Kaisari.

Alitembea nayo kwapani mpaka nyumbani, mama yake akiwa mbele, bila kugeuka nyuma njia nzima. Babu alisema jambo hilo lilimwumiza. Alidhani amemwaibisha. Walipofika kwenye migomba, Nashilu akasimama. Magugu yalikuwa yamefika magotini.

"Kwa hiyo nipalilie?" akauliza.

"Palilia, mama."

Akaingia ndani kutafuta jembe.