Ndani ya Kisanduku cha Wasafiri

Juzi nilinunua friji. Vijana walioileta walikata boksi pale pale sebuleni, wakavuta lile povu jeupe gumu linalowekwa ili kitu kisivunjike njiani, na povu likalia. Unajua linavyolia likisuguana, ile sauti inayokufanya meno yaume. Wale vijana walikunja nyuso. Mimi nilisimama katikati ya sebule nikicheka peke yangu, kisha nikawaambia wasilitupe. Mmoja akaniuliza, "Mama, utalifanyia nini?" Ningeanzia wapi? Ningemwambia kwamba miaka ya mwanzo ya ruksa, bidhaa za nje ziliporuhusiwa, pale Singida mjini, povu lile lilikuwa mali, na kwamba mimi na dada yangu tuliwahi kununiana tangu asubuhi hadi kulala kwa ajili ya kipande kisichozidi kiganja?

Wewe ngoja nikusimulie, maana huna friji nyingine ya kupeleka.

Baba alikuwa na duka. Ukoo wake ulitoka pwani ukifuata biashara, ukaoa huku huku, ukasahau kurudi. Nakumbuka rafu zake zilivyokuwa kabla biashara haijafunguliwa: vibiriti, chumvi, nyuzi, na baba mwenyewe nyuma ya kaunta akipangusa vumbi. Halafu vitu vikaanza kuja, na vilipoanza havikusimama. Redio, chupa za chai, pasi, sabuni zenye harufu ya matunda tusiyoyajua. Bibi, mama yake mama, Mnyaturu wa kijiji cha Mtinko aliyekuwa akikaa nasi, alitazama mizigo ikishushwa akasema, "Haya, na wanunuzi nao watashushwa na lori lipi?" Baba alijifanya hakusikia.

Redio iliuzwa, boksi likabaki, na boksi lilikuwa la dada. Hapo ndipo ilipoanzia habari yetu.

Nyumba ya pili alikaa dereva wa lori la masafa. Matangazo ya televisheni yalikuwa bado hayajatufikia, lakini yeye alirudi safari moja na runinga, deki na mfuko wa kanda alizoazimwa na tajiri wake. Jumamosi alasiri mkewe aliitoa runinga barazani, akatandika mikeka uani, na watoto wa mtaa mzima tukaingia. Kiingilio kilikuwa kidumu cha maji. Maji ya bomba yalikuja yakipenda, kwa hiyo yule mama alikuwa na akili kuliko sisi wote: tuliangalia video, na pipa lake likajaa. Mpaka leo nikiona picha ya nyota nasikia uzito wa kidumu kwenye vidole.

Kanda zile zilikuwa za mchezo mmoja mrefu wa kizungu, wa zamani hata kwa wakati ule. Watu walisafiri kati ya nyota ndani ya chombo chenye milango inayojifungua yenyewe. Waliongea Kiingereza ambacho hakuna aliyekifuata, lakini habari yenyewe ilieleweka: walikuwa wamepotea, wanataka kwenda kwao. Walikuwa na kofia zenye mapembe ya waya, saa za mkononi walizozungumza nazo, na juu ya yote kisanduku. Kidogo, kinashikika kwa mikono miwili, kinanguruma. Kisanduku ndicho kingewarudisha nyumbani, ila kilikuwa hakijawahi kufunguliwa. Kila kanda ilipoisha tulibishana njia nzima ndani mna nini. Mtoto wa muuza nyama alishikilia kwamba mna moyo wa mtu.

Dada hakubishana. Alirudi nyumbani, akaingia stoo, akaanza kutengeneza.

Usidhani alikuwa anatengeneza vitu vya kuchezea. Ukimwambia hivyo alikasirika kweli. Alitaka viwe vile vile. Saa za mkononi alizikata kwenye bati la kopo la mafuta ya kula, akazikunja pembeni kwa koleo la baba zisitukate. Taa zake zilikuwa vipande vya kioo chekundu cha nyuma ya baiskeli. Kuta za chombo zilikuwa povu la maboksi ya redio, limechongwa kwa kisu kilichopashwa kwenye jiko, na moshi wake ulitukoholesha wote wawili. Vile vitufe vidogo alivitoa kwenye mabua ya alizeti: unapasua bua kavu, ndani mna kiini cheupe, chepesi, kinakatika kama mkate. Gundi ilikuwa uji wa unga wa ngano, na panya waliipenda kuliko sisi.

Tatizo lilikuwa rangi. Kanda zile na runinga ile havikupatana, sijui kwa nini, na picha zilitoka nyeusi na nyeupe. Dereva alituapia kwamba kule alikozitoa zilikuwa na rangi. Rangi gani? Akajikuna kichwa. Yeye alikuwa mtu wa barabara, hakuwahi kukaa akaangalia. Basi dada akaamua mwenyewe. Chombo alikipaka buluu ya kufulia nguo nyeupe, na kofia za wasafiri akazipaka manjano ya bibi ya jikoni. Wasafiri wetu wa nyota walinukia mchuzi, na nzi waliwafuata.

Vyote alivipanga stoo juu ya ubao, nyuma ya magunia ya alizeti, kwa mpangilio wa rafu za baba, na huruhusiwi kugusa. Jioni jua lilipopenya kwenye tundu la bati na kuangukia zile saa na zile kofia, nakuambia kweli, sijaona tena kitu kizuri namna ile. Upepo wa kwetu ulitikisa mabati, na sisi tukasema chombo kinapaa.

Kisha dada akavunja ungo.

Nyumbani kwetu jambo hilo halikutangazwa, lilionekana tu. Asubuhi moja alitoka chumbani kwa bibi amefunga ushungi vizuri. Shuleni aliendelea kwenda. Lakini Jumamosi alipochukua kidumu chake, bibi alikaa mlangoni kwenye kigoda. "Wewe sasa ni mtu mzima," alisema. "Huendi kubanana mkekani na madume." Dada akasema wale si madume, ni akina fulani na fulani tuliokua nao. Bibi akasema, "Ndio hao hao." Mama alikuwa anachambua mchele, hakuinua uso. Nilikwenda peke yangu, na kidumu kilikuwa kizito kuliko siku zote.

Niliporudi alikuwa ananisubiri stoo. "Hebu sema," aliniambia. Nikasema ilikuwa nzuri. Alinitazama kwa dharau. "Sikukuuliza kama nzuri. Kisanduku kimeonekana? Kina bawaba upande gani? Kinafungwa na nini?" Toka siku hiyo nikawa macho yake, na sijawahi kuwa na mwajiri mkali kama yule. Nilisema kitasa kinafanana na mdomo wa birika. Akauliza birika lipi, la chai au la kunawia. Nilisema pembeni kuna mistari. Akaniambia nichore vumbini. Kwenye ua wa jirani sikuweza tena kufurahi na wenzangu. Wao walipiga kelele chombo kikitaka kugonga nyota, mimi nilikuwa nakariri misumari.

Akajenga kisanduku kutokana na maneno yangu. Bati, povu, waya wa shaba, taa moja ya baiskeli. Kilipokamilika kwa nje alikishika kwa mikono miwili, kama walivyokuwa wakikishika wale, akanguruma mwenyewe kwa mdomo. Kisha akakifungua kifuniko akanionyesha: ndani hamna kitu, bati tupu. "Sitaki unisimulie ya ndani," alisema. "Ya ndani nataka nione mwenyewe." Sikumbuki dada yangu kutaka kitu kingine kwa namna ile, si nguo ya Idi, si chochote.

Dereva akaja na kanda ya mwisho, akatangaza kwamba atazirudisha zote Ijumaa alfajiri, tajiri anazitaka. Dada alimwomba bibi. Akamwomba mama amwombee kwa bibi. Alikataliwa kwa upole, na hilo ndilo lililomuumiza, maana ukigombezwa unaweza kugomba. Aliyetuokoa ni mke wa dereva. Alipita kuazima karai, akamkuta dada amekaa jikoni na uso umevimba, akauliza, akaambiwa. Akasimama mlangoni mikono kiunoni. "Mama mkubwa, shikamoo," akamwambia bibi. "Hivi sisi wanawake hatuna macho? Alhamisi alasiri nafunga geti langu. Wanawake watupu. Na wewe mwenyewe uje ukae mbele."

"Kuna kahawa?" bibi akauliza.

Basi Alhamisi tulikwenda. Uani walijaa akina mama na wasichana niliokuwa sijawaona pale tangu walipoanza kufunga ushungi. Nilidhani walikuwa wameacha kupenda video. Walicheka kwa sauti kubwa kuliko watoto. Bibi alikaa mbele na kikombe chake, akawagombeza wasafiri kila walipokosea. "Huyu naye, anakwenda safari bila chakula!" Dada alikaa kando yangu, kisanduku chake kikiwa mapajani chini ya kanga, na kila kisanduku cha kwenye picha kilipoonekana, vidole vyake vilitembea juu ya chake kukagua. Kitasa sawa. Mistari sawa. Nilijisikia fahari hadi masikio yakawa moto.

Wakafika mwisho. Wasafiri wakakizunguka kisanduku. Nahodha, mwanamke mwenye nywele fupi, akaweka kidole gumba kwenye kitasa. Bibi alisahau kuwagombeza. Kifuniko kikaanza kuinuka.

Umeme ukakatika.

Hakuna aliyeshangaa, umeme wa siku zile ulikuwa hivyo. Tulikaa tukaitazama runinga iliyozimika. Mke wa dereva alizunguka nyumba kuangalia kama ni kwake tu, akaita ng'ambo ya ukuta, akaambiwa ni mji mzima. Wanawake wakaanza kukung'uta kanga, mmoja mmoja, wana vyungu vya kuwahi. Sisi tulibaki. Bibi naye alibaki, hilo sitalisahau, akijifanya kahawa yake haijaisha. Adhana ya magharibi ikaanza ndipo akasema taratibu, "Twende, wanangu." Dada alitembea mbele yetu, mgongo umenyooka, na alilia kitandani amejifunika ili nisisikie. Nilisikia. Alfajiri lori liliwashwa, likanguruma muda mrefu kabla ya kuondoka, na kanda zikaenda zake.

Siku kadhaa hakuingia stoo. Nikadhani yamekwisha. Kisha akaingia, akafunga mlango, na safari hii hata mimi sikuruhusiwa. Hakuniuliza kitu. Kwa mara ya kwanza alikuwa anatengeneza kitu ambacho hakuna aliyekiona.

Aliponiita aliniwekea kisanduku magotini. "Fungua."

Ndani ulikuwa ua wa mke wa dereva. Mdogo, umekaa wote kwenye kile kiganja cha bati: pipa la maji, baraza, runinga ya kiini cha bua, mkeka uliosukwa kwa nyuzi za gunia. Na mkekani watoto, wamebanana, kila mmoja na kichwa cha punje ya mtama. Nikawatambua kwa namna walivyokaa. Katikati yao, mbele kabisa, palikuwa na mmoja amefungwa kitambaa kichwani, kilichokatwa kwenye ushungi wenyewe.

"Si walitaka kurudi kwao?" dada aliniambia. "Basi ndio huku."

Nilikuwa mtoto, lakini nilielewa, na nilielewa pia kwamba siku zangu za mkekani zinahesabika.

Yote yamekwenda. Bibi tulimzika Mtinko. Duka lilifungwa wakati bidhaa zilipokuwa nyingi kuliko wanunuzi, kama bibi alivyonung'unika. Stoo ilibomolewa pakajengwa vyumba vya kupangisha, na vile vitu vya dada, saa, kofia, chombo cha buluu, mchwa na panya walivigawana kabla ya fundi kufika. Kisanduku aliolewa nacho, akaenda nacho Itigi, na huko wanawe wakakimaliza kama watoto wanavyomaliza vitu. Hakuwagombeza. Siku hizi watoto wanaangalia picha peke yao, kila mmoja na simu yake, na hakuna anayembebea mtu maji.

Mwanangu alinitafutia ule mchezo kwenye simu. Upo wote, mpaka kanda ya mwisho, na una rangi. Nilimpigia dada usiku huo huo, nikamwambia sasa tunaweza kuona ndani ya kile kisanduku, nakutumia sasa hivi.

"Nitumie," dada alisema. "Nitaangalia, kwa nini nisiangalie. Lakini mdogo wangu, aliyekuwa anataka kuona ni yule msichana niliyekuwa siku zile. Yeye hamkumfungulia."