Nilijipima kiuno kwa kamba niliyoikuta stoo, mafundo yakaanza kuongezeka

Wakuu, salamu kwenu nyote, walioko Bara na walioko visiwani.

Haya ninayoyaandika yamenitokea mwenyewe, nyumbani kwetu Mji Mkongwe, mwaka huu huu. Chumvi sikuongeza, maana hata ya chakula nshaipunguza. Asiyeamini nitamjibu hapo chini kwa adabu.

Jina langu Nassor, miaka ishirini na saba. Naishi na bibi yangu, mama yake baba, katika nyumba ya zamani kule Kiponda. Yeye ndiye aliyenilea. Kazi yangu ni ya kukaa: nasahihisha miswada ya watu, na yangu naiandika ikibaki nafasi. Kiti kimenipa mkate, na kiti hicho hicho kikanipa tumbo.

Nilikuwa na kilo mia na sita. Ngazi za nyumba yetu nilikuwa nikizimaliza nasimama kama mtu anayeangalia ukuta, kumbe natafuta pumzi.

Aliyenisukuma ni rafiki yangu Mbarouk, mtu wa Mtoni, ananyanyua vyuma miaka mingi. Tulikuwa Forodhani, mimi nna sahani ya mishkaki mkononi. Akanitazama, akacheka.

"Yakhe, tumbo lako linaingia msikitini, wewe unafika rakaa ya pili."

Nilicheka naye. Nilipofika nyumbani sikucheka.

Kesho yake akanipa programu ya mtu anayeanza. Siku tatu kwa wiki. Skwati, kusukuma uzito kifuani, kuvuta uzito kutoka chini. Seti tatu, mara nane nane, uzito mdogo kwanza, mwili ukizoea unaongeza kidogo.

Kuhusu chakula alinambia jambo ambalo naliandika kwa herufi kubwa kwa sababu nililipuuza: PUNGUZA MAFUTA NA SUKARI, USIJINYIME CHAKULA. Samaki, mayai, maharage, mboga. Misuli haijengwi kwa njaa.

"Na kiuno upime mara moja kwa wiki, siku ile ile," akasema. "Usiwe unajipima kila ukitoka chooni."

Sasa kosa langu la kwanza.

Sikumwambia mtu nyumbani. Wenzangu wa huku mtanielewa: jambo la kheri hatulitangazi likiwa bichi, jicho la mtu linaweza kulikausha. Hata Bibi sikumwambia. Nilimwambia nnashuka kupanga stoo.

Stoo yetu iko chini kabisa. Haina dirisha, ina tundu moja tu juu la kuingiza mwanga, na kuta zake ni nene. Ukikohoa mle ndani, kikohozi chako kinachelewa kukuacha.

Huko nilikuta vitu vya Ami Suleiman, kaka yake baba, aliyefariki kabla sijazaliwa. Kwetu alikuwa akitajwa kwa maneno mawili tu, "aliugua, akaenda," kisha mtu anauliza chai iko wapi.

Kulikuwa na bomba la chuma, na kila ncha kopo la rangi lililojazwa saruji. Vyuma vya kujitengenezea. Juu yake, kwenye msumari, imetundikwa kamba nyembamba ya makumbi ya nazi, yenye kitanzi ncha moja na mafundo.

Niliyahesabu mafundo. Sita.

Nikaizungusha kiunoni kuanzia kwenye kitanzi. Kidole changu kikaishia mbali, viganja viwili nje ya fundo la kwanza. Nikadhani nimeelewa: ami alikuwa mtu wa mazoezi, hii ndiyo iliyokuwa futi yake, na kila fundo ni hatua aliyopungua. Nikaipenda kamba ile. Nikajiahidi kulifikia fundo lake la kwanza.

Ijumaa ikawa siku yangu ya kupima. Nikirudi msikitini nakula, nalala kidogo, alasiri nashuka stoo.

Wiki za mwanzo ni maumivu, anayeanza ajue hivyo. Siku baada ya skwati za kwanza nilishuka ngazi kinyumenyume. Lakini nguvu zilikuja. Bomba lililonitoa jasho mara nne, mwezi wa pili nikalinyanyua mara nane na pumzi ikabaki.

Tatizo nikawa na haraka.

Bibi akipakua wali, nachukua sahani yangu napanda nayo paani, nawamwagia paka. Narudi na sahani nyeupe. "Nshakula, Bibi." Usiku nakunywa maji nalala.

Nguo zikaanza kunikimbia. Na hapa kwetu mtu akikonda haulizwi anafanya zoezi gani, anaulizwa ameanza lini kuumwa. Jirani aliniuliza, muuza kahawa akaniuliza. Mimi najibu "alhamdulillahi" napita na furaha yangu.

Bibi peke yake hakuuliza. Alikuwa akinitazama tu, muda mrefu, nikiinua macho anahamia kwenye kikombe chake.

Asubuhi moja nilimwamkia, "Shikamoo Bibi." Akajibu, "Marahaba, Suleiman." Hakujisahihisha.

Kisha nikaanza kusikia harufu ya ubani stoo, na mimi sikuwasha. Siku nyingine nikakuta paani pameanikwa kitambaa cheupe kirefu, kipya, hakina mshono. Paka wote walikuwa wamekaa upande wa pili.

Ijumaa ya wiki ile nikazungusha kamba. Kidole changu kikatua juu ya fundo.

Nikafurahi, nikajua nimefika.

Ijumaa iliyofuata kiuno kimepungua tena, na kidole kikatua juu ya fundo. Ijumaa ya tatu vile vile. Si karibu na fundo, wakuu. Juu yake hasa, kama mtu aliyekuwa ananingoja pale.

Hapo ndipo nikaisogeza kamba kwenye mwanga wa lile tundu, nikahesabu.

Tisa.

Nikahesabu tena kwa sauti, na ukuta ukahesabu nami. Tisa. Yale sita ya ami yalikuwa bado mbali, meusi kwa uzee. Haya matatu yalikuwa yanateremka kuyafuata.

Mtu mwenye akili angeacha. Mimi nikaingiwa na kichaa cha kushindana na kamba. Nikasema wiki hii nitapungua hadi fundo linikose. Siku nne sikula kitu cha maana, na Jumatano nikashuka kunyanyua. Mara ya tano macho yakazima. Nilipozinduka nilikuwa sakafuni na lile kopo la saruji liko shibri moja kutoka sikioni.

Ijumaa nilijilaza kama kawaida, ila sikusinzia. Mchana mweupe, dirisha wazi, watoto wanapiga kelele uchochoroni. Nikasikia mlango. Nikafumba macho.

Kitu kikavu kikapita chini ya mgongo wangu, pale palipo na uwazi juu ya kiuno. Kikanizunguka. Vidole baridi vikakutana juu ya kitovu changu, vikabana, na nikasikia pumzi ya mtu anayehesabu.

Nikafumbua macho. Alikuwa Bibi, na kamba mikononi.

"Umeamka," akasema.

"Bibi, unanifanya nini?"

"Nnakupima." Aliitamka kama anayesema nnachambua mchele. Akafunga fundo la kumi mbele yangu, taratibu, ndipo akaketi ukingoni mwa kitanda.

"Ami yako alikuwa na kifua kama mlango. Akaanza kupungua, mie nikajisemea ni jua, ni kazi. Aliponambia anaumwa, nikatafuta kamba. Kila Ijumaa nampima nikiomba tumbo lirudi. Ijumaa sita tu, Nassor. Ya saba nilimpimia kaburi."

Nikainuka, nikaketi.

"Na wewe ukawa unamaliza sahani nzima na unapungua. Chakula kinakwenda wapi? Kwa Suleiman nilichelewa. Kwako nilitaka nijue mapema."

"Mbona hukuniuliza?"

"Ungenijibu alhamdulillahi." Akatazama kasha lake lililoko ukumbini. "Stoo nshaifukiza ubani. Sanda yangu nshaitoa nikaifua. Nimeipima. Inakutosha."

Wakuu, nimeandika vifo vingi kwenye hadithi zangu. Sikuwahi kusikia baridi kama ile. Bibi yangu alikuwa amenipa sanda yake.

Nikamwambia yote. Mbarouk, programu, vyuma, hofu yangu ya jicho la watu. Nilipofika kwenye wali akanikatiza.

"Paka?"

"Paka, Bibi."

"Mchele wangu wa basmati, niliouchagua punje kwa punje, umewapa paka?"

Akanichapa kwa ile kamba, mara tatu, analia na kucheka kwa pamoja. Ilikuwa nyepesi kama kitu gani sijui, na bado naihisi.

Tulikwenda hospitali, maana hakuniamini hadi nipimwe damu. Sikuwa na ugonjwa. Daktari alisema damu imepungua na nna njaa, basi. Nile.

Sasa nakula mbele yake: samaki, mayai, maharage, na wali kidogo ambao anausimamia kama askari. Napungua polepole, na nguvu zinapanda. Amejiwekea kiti stoo, ndiye anayenihesabia. Mafundo yake manne aliyafungua mwenyewe kwa kucha. Sita ya ami hakuyagusa. Alileta kamba mpya, akanipima nayo msuli wa mkono badala ya kiuno, na mwezi huu fundo la mkono limesogea mbele.

Sanda imerudi kashani. Akasema, "Hii ni yangu, tafadhali, usiniwahi."

Kwa anayeanza mazoezi: anza na uzito mdogo, kula, usiwe na haraka, ukihisi kizunguzungu acha hapo hapo. Ila langu kubwa ni hili: mwambie mtu mmoja anayekupenda kwamba unapungua kwa kutaka. Mimi nilimficha Bibi ili jicho lisiniguse, na jicho nililolifungia mlango ndilo pekee lililokuwa likinilinda.

Karibuni kwenye maoni. Nani mwingine alianza mazoezi nyumbani wakadhani anaumwa? Mlifanyaje? Na wataalamu, nisahihisheni nilipokosea kwenye seti na chakula.

Nikichelewa kujibu msinune. Saa ya zoezi imefika, nnamsikia Bibi ameshakaa kitini huko chini, anaita. Jina analoita si langu.

Nnamwitikia naam, nnashuka.