Mayai ya Kuchi wa Bibi

Juzi jirani yangu hapa Chumbageni alibisha hodi na ombi dogo. Ana mitetea wanne, jogoo wake amekufa, akataka nimwazime wangu kwa wiki moja tu ili kuku wake wapate mbegu. Ni mama mwema. Nilipougua mwezi uliopita aliniletea uji siku tatu mfululizo. Nikamwambia jogoo hatoki. Nilimjibu upesi mno, mpaka akabaki ameduwaa mlangoni. Mume wangu aliyasikia yote akiwa ndani. "Jogoo tu, mke wangu, kulikoni?" Nikaenda kumfungia jogoo bandani. Wewe nitakueleza, maana tunajuana.

Mimi nililelewa Moa, kwa bibi mzaa mama. Yeye alizaliwa Pemba, na alipoolewa huku alikuja na nguo zake, kibao cha mbuzi cha kukunia nazi, na tenga lenye kuku watatu wa kuchi. Kama hujawahi kumwona kuchi, ni kuku mrefu, shingo kama ya mtu anayechungulia dirishani, miguu minene, na jogoo wake akiwika utadhani sauti inatoka ndani ya mtungi. Watu walikuwa wakitoka Pangani mpaka kwetu kuja kuwatazama tu.

Kazi yangu ilikuwa kuwalisha. Asubuhi nafagia banda, nachanganya chicha za nazi na pumba na vichwa vya dagaa nilivyovitwanga mwenyewe. Harufu yake ilinikaa mikononi mpaka darasani, na mwalimu alinihamishia dawati la karibu na dirisha. Jioni, wakati bibi akisonga bada, ugali wa muhogo, na mchuzi wa papa ukichemka, tulikaa kibarazani tukiwakagua kuku mmoja mmoja wakirudi. Bibi hakujua kusoma, lakini alijua kila kifaranga ni wa mama gani na baba gani. Kijogoo mwenye miguu mifupi aliishia chunguni. Jogoo hakuachwa na mama yake wala dada zake. Kila baada ya muda ndugu zake wa Pemba walimletea mwingine, damu isijirudie. "Mbegu haijilindi yenyewe," alikuwa akiniambia. "Ukilala siku moja, imekwenda."

Mwaka niliokuwa darasa la nne uliingia mdondo. Kuku walilegea shingo, wakaharisha kijani, wakafa kijiji kizima. Wa bibi walikwisha ndani ya wiki mbili. Jogoo alitangulia, na mtetea wa mwisho akafa mikononi mwangu nikimpa maji kwa kijiko. Kule Pemba ndugu wa mwisho aliyekuwa akimletea majogoo alikuwa ameshafariki. Yakabaki mayai kumi na moja, yaliyokusanywa kabla ya ugonjwa, kwenye ungo chini ya kitanda. Kuchi wote wa bibi walikuwa humo.

Nani angeyalalia? Jirani yetu wa ukuta kwa ukuta alikuwa na kuku wawili wanaoatamia, maana banda lake lilikuwa nyuma kabisa na mdondo haukulifikia. Huyo jirani na bibi yangu waliitana somo. Walipakuliana futari, walisukana nywele, na hakuna siku moja aliyopika mandazi bila kunirushia mawili juu ya ukuta. Mimi nilimpenda kama bibi wa pili. Isitoshe, mwanawe wa kiume, aliyekuwa akiishi Pangani, alikuwa katika maneno ya kumposa mama yangu mdogo, na bibi alikuwa akitembea kwa furaha kama msichana.

Kabla hatujayapeleka, niliyachora mayai yote alama ya msalaba kwa mkaa, nijue ni yetu. Somo akacheka. "Mjukuu wako haniamini?" Bibi naye akacheka, tukayaweka chini ya kuku.

Siku ya tano au ya sita nilitumwa kumpelekea somo chicha. Hakuwapo uani. Nikaingia bandani kumwangalia kuku aliyelalia mayai yetu. Nikampenyezea mkono, nikatoa yai. Jeupe, dogo, halina alama. La pili halina. La tatu halina. Nikasema labda mkaa umefutika. Kisha nikageuka, na kule pembeni, kwenye kapu nyuma ya magunia, yule kuku wa pili amelala. Nikamwinua bawa. Misalaba yangu ilikuwa pale, imefifia lakini inaonekana, juu ya mayai makubwa ya rangi ya kahawa.

"Unatafuta nini humo?"

Somo alikuwa amesimama mlangoni. Hakuwa na hasira. Alisema taratibu, "Toka, mwanangu, utawaharibia joto."

Nilikimbia. Bibi alikuwa anakuna nazi. Nilimweleza yote huku nahema, na nilipomaliza aliweka kifuu chini, akajifuta mikono kwa kanga, akanishika mkono. Moyo ulinijaa. Nikajua tunakwenda kuyachukua mayai yetu.

Tulimkuta somo ameketi anachambua mchele.

"Somo, huyu mtoto amekuja kwangu na maneno," bibi akasema. "Ati umebadilisha mayai."

"Mimi?"

"Nimemwambia ni utoto. Nimemleta akuombe radhi."

Nilimtazama bibi. Hakunitazama. Nikasema, "Bibi, wallahi nimeyaona, twende nikuonyeshe, yako palepale." Akanikandamiza bega mpaka nikapiga magoti kwenye makapi ya mchele.

"Omba radhi."

Nikaomba. Somo akanipapasa kichwa, akasema amenisamehe, watoto ndivyo walivyo. Jioni yake alinirushia mandazi juu ya ukuta. Niliyaacha mchangani mpaka yakaja siafu.

Tuliletewa vifaranga tisa. Wakakua wakawa vikuku vya kawaida, vifupi, vya kukimbizwa na paka. Bibi aliwalisha chicha na pumba vilevile. Kuchi wetu walihamishiwa Pangani kwa yule mwanawe somo, na habari zikatufikia kwamba ana kuku warefu ajabu, mbegu ya mama yake.

Posa nayo haikuja. Miezi ikapita, kisha tukasikia kijana anaoa kwingine. Bibi alimtuma shangazi mmoja kwenda kumuuliza somo kwa upole, na jibu alilorudi nalo sijalisahau, kwa kuwa shangazi alilisema nikiwa nakosha vyombo hatua mbili tu: "Anasema nyumba hii inazaa majike matupu. Bibi mabinti wawili, binti yake naye mabinti watatu. Yeye anataka wajukuu wa kiume." Nilikuwa mmoja wa hao watatu. Bibi aliinama, akaendelea kuchambua mchicha, akitupa majani mazuri na kubakiza mabovu.

Nilimuuliza nikiwa mtu mzima tayari, nimeshaanza kazi. Macho yake yalikuwa yameingia ukungu. Nikamwambia, "Bibi, siku ile ya mayai, uliniamini?"

"Nilikuamini ulipoingia tu. Uso wako haukuwa wa uongo."

"Mbona ulinipigisha magoti?"

"Mama yako mdogo alikuwa anaposwa. Ningegombana na mkwe kwa ajili ya kuku?" Akatafuta mkono wangu. "Nilisema wewe ni mdogo, utasahau."

Nikaondoka nikimwachia mkono wake hewani. Ndilo jambo ninalolijutia, maana hatukuzungumza tena habari hiyo, na mwaka uliofuata alifariki.

Baada ya hitima tulibaki uani mimi na mama mdogo, tukisugua masufuria ya pilau. Aliolewa Muheza na fundi cherehani, ana vijana watatu wa kiume. Nikaona ni haki ayajue: mayai, magoti yangu, na kwamba bibi aliachia yote ili yeye aolewe. Alisikiliza huku mikono ikiendelea. Kisha ikasimama.

"Kwa ajili yangu?"

"Kwa ajili yako."

"Mimi yule kijana sikumtaka hata siku moja. Nililia wiki nzima waliposema anakuja kuposa." Akachukua mchanga mwingine wa kusugulia. "Mwanangu, katika nyumba ile yote, nani aliniuliza?"

Siku hizi Moa hupati kuchi. Bodaboda wanapita pale lilipokuwa banda, somo naye alishafariki, na nyumba yake wamepanga watu nisiowajua. Nimewahi kujaribu kuchagua nimkasirikie nani, nikashindwa. Ninachojua ni kwamba hakuna aliyebaki hai wa kuniomba radhi, na mama yangu mdogo, ambaye yote hayo yalifanywa kwa ajili yake, siku ile ya hitima aliniinulia sufuria upande mmoja, mimi upande wa pili, tukaipeleka ndani.