Mama wa Ghala Ataapishwa kwa Hesabu Tuliyokosea Sisi

Mhariri, jina langu lifiche, maana ofisi yetu ni ndogo na midomo ni mingi. Mimi ni kijana wa miaka ishirini na saba, mkaguzi msaidizi wa hesabu za vyama vya ushirika hapa Kitui. Sijaoa. Mkubwa wangu ndiye aliyenitafutia kazi hii, na ndiye anayeongoza wazee wanaokwenda kuniposea. Mnaona nilivyobanwa.

Mwanzoni mwa mwaka tulikagua chama cha wafugaji nyuki upande wa Mwingi. Kilo za asali zilizopokelewa zilikuwa nyingi kuliko zilizouzwa. Mkubwa akaandika kwamba asali imeibwa, akatia sahihi, na mtunza ghala, mjane nitakayemwita Mama Kalondu, akasimamishwa kazi. Alilia akisema, "Si wizi, ni nta! Msimu huu watu waliniletea asali na masega yake." Mkubwa akamjibu kwamba vitabu havina mahali pa nta.

Maneno yale hayakunitoka. Niliporudi huko kwa kazi nyingine, nilipima debe moja la asali na masega yake, nikaichuja, nikapima tena: uzito ulikuwa umepungua kwa nta iliyotoka. Nilipopiga hesabu ya msimu mzima hivyo, upungufu wote ukaisha. Hakuna hata kijiko kilichoibwa! Jamani, niliona aibu kana kwamba mwizi ni mimi.

Nikampelekea mkubwa masahihisho, tayari nimeyapiga taipu. Hakusoma hata nusu.

"Kijana, hiyo ripoti imeshatoka. Tukisema tulikosea, nani ataamini zile zingine? Na wewe si bado unataka bibi?" Akacheka. Mimi sikucheka.

Sasa mambo yamezidi. Wanachama wanataka Mama Kalondu ale kithitu, kiapo cha kwetu ambacho mtu akiapa uongo hufa yeye na watu wake. Naye ni mtu wa kanisa. Akiapa, kanisa litamtenga. Akikataa, watasema ameogopa kwa sababu aliiba kweli.

Juzi nilikutana naye sokoni. Nikamwamkia, "Mwaitu, habari ya nyumbani?" kama tunavyowaita mama zetu.

"Nyumbani hakuna mtu anakuja siku hizi," akasema. "Wewe ulikuwa na yule mzee mkihesabu. Niambie tu, mliona nikiiba?"

Nikanunua nyanya nisizozihitaji, nikaondoka. Nilijichukia njia nzima.

Mkutano mkuu ni mwezi ujao. Mkubwa ameshasema hatakwenda, eti mgongo unamsumbua. Ripoti nitaisoma mimi, mama wa watu akiwa amekaa mbele yangu, halafu wazee walete kithitu chao. Nina karatasi mbili kwenye mkoba: ya mkubwa yenye sahihi na mhuri, na yangu isiyo na sahihi ya mtu. Ndugu wasomaji, nisaidieni mawazo kabla siku haijafika. Nikisimama pale, nisome ipi?